Ukienda makaburi ya Oakland pale Atlanta, anzia nyuma

Fundi Saa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa mahali pa kutembea bure Atlanta nilitaja makaburi ya Oakland nikazomewa. Mmoja akasema nimeanza mambo ya kichawi, mwingine akauliza kama nimekosa hela ya kwenda kuona samaki. Haya, naweka maelezo yote hapa. Mwenye ubishi aje nao.

Oakland iko mashariki ya katikati ya jiji, nyuma ya ule ukuta mrefu wa matofali unaouona ukipita Memorial Drive. Ukishuka treni kituo cha King Memorial unatembea kidogo tu umefika. Kuingia ni bure, kila siku, tangu kunapopambazuka hadi jua kuzama. Ni ekari 48, na waliolala humo wanafika 70,000 hivi. Jiji lilianza na ekari sita mwaka 1850, Atlanta yenyewe ikiwa bado kamji kadogo ka njia panda za reli. Jina la Oakland, kutokana na mialoni iliyojaa humo, lilikuja 1872. Kufikia 1884 viwanja vya kuzikia vilikuwa vimeuzwa vyote. Ushike huo mwaka, maana kugombania viwanja ndiko kulikozaa mambo nitakayoyaeleza.

Mgeni wa kawaida anaingia lango la Oakland Avenue, anauliza kwa Margaret Mitchell, yule mwandishi wa riwaya, ni wapi, anapiga picha, anapita kwa Bobby Jones mcheza gofu, anakuta mipira ya gofu iliyoachwa na mashabiki juu ya kaburi, anacheka, anarudi kwenye gari. Nusu saa imeisha na hajaona kitu.

Wageni wangu mimi nawapeleka kinyume. Nawaanzisha nyuma.

Mwaka 1852, makaburi hayajatimiza hata miaka mitatu, baraza la jiji liliamuru watu weusi wazikwe peke yao upande wa nyuma. Pakaitwa Slave Square, uwanja wa watumwa. Wakazikwa hapo wakati wote wa utumwa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, utumwa ukafutwa, jiji likakua. Sasa lilipokua, ile "nyuma" haikuwa nyuma tena. Makaburi yalikuwa yamepanuliwa na uwanja wa watumwa ukajikuta mahali pazuri pa kuuzika. Mwaka 1877 baraza likaamuru waliozikwa pale wafukuliwe, wahamishiwe eneo la watu weusi mafukara, na viwanja vyao wauziwe wazungu.

Soma tena hapo. Mtu kauzwa akiwa hai, na kaburi lake nalo likauzwa.

Ukisimama mahali palipokuwa Slave Square leo unaona marumaru za familia za kizungu, majina makubwa makubwa, malaika wa mawe, maua yamepangwa vizuri. Pazuri kweli. Ndiyo maana nasema ukianzia mbele utapenda bustani tu, hutajua umekanyaga nini.

Fundi Saa

Naendelea, msinikatishe kwanza.

Eneo la watu weusi lililopo sasa lina watu zaidi ya 12,000. Kwa macho utaona mawe machache sana, sehemu kubwa ni nyasi tu. Wengi waliwekewa alama za mbao, au kichaka, au ua lililopandwa kichwani pa marehemu. Mbao zikaoza, vichaka wakaja watunza bustani wakavifyeka bila kujua ni nini. Miaka ya karibuni wataalamu walipitisha rada ya kupima chini ya ardhi wakakuta makaburi zaidi ya 800 yasiyo na alama yoyote. Baada ya hapo pakafanyiwa ukarabati mkubwa, na sasa kuna mabango ya maelezo, njia zimetengenezwa, unasoma ukiwa umesimama.

Wa kumtafuta pale ni Carrie Steele Logan. Alizaliwa mtumwa. Baada ya uhuru akafanya kazi kwenye stesheni ya treni, na stesheni ndipo watu walipokuwa wakitupa watoto wachanga. Akawa anawaokota. Mchana anawaficha kwenye behewa tupu huku akiendelea na kazi, usiku anaondoka nao nyumbani. Walipozidi akauza nyumba yake, akaandika kijitabu cha maisha yake akawa anakiuza, akachangisha, na mwaka 1888 akaanzisha kituo cha yatima, cha kwanza cha watoto weusi katika jiji lile. Kituo hicho kipo mpaka leo. Alifariki 1900. Kwenye jiwe lake wamemwita mama wa yatima, na kwamba alifanya alichoweza.

Jirani kuna askofu Wesley John Gaines wa AME, kanisa la Kimethodisti la watu weusi wa Marekani, aliyeanzisha chuo cha Morris Brown mwaka 1881. Na kuna jumba moja tu la kuzikia, la Antoine Graves, aliyekuwa dalali wa nyumba na viwanja. Kwa wazungu majumba kama hayo ni mengi, yana vioo vya rangi na milango ya shaba. Kwa weusi ni hilo moja. Simama pale uhesabu pande zote mbili, huhitaji mtu wa kukufafanulia.

Ukitoka hapo nenda uwanja wa mafukara, Potter's Field. Ni nyasi tupu, mteremko mzuri, watu wanakaa na mbwa wao. Chini yake wapo maelfu ya watu. Weusi kwa weupe, aliyekosa hela ya kiwanja alilala hapo.

Halafu sasa ndiyo urudi mbele kwa wakubwa. Utawaona kwa jicho jingine.

Chifu Kisiki

Mkuu nimesoma yote, shukrani. Ila swali la msingi: watu wanakaa na MBWA juu ya makaburi? Kwetu hata kukatiza makaburini saa nane mchana mtu anaongeza mwendo. Ukiitwa jina hugeuki.

Fundi Saa

Mkuu, wenzetu wana historia tofauti na sehemu hizi. Mwanzoni mwa karne ya 19 miji mingi ya Marekani haikuwa na bustani kubwa za umma. Makaburi kama Oakland yalipandwa miti, yakachongewa njia za kupindapinda, yakawekwa viti, ili familia zije Jumapili na vikapu vya chakula wakae na marehemu wao. Bustani na makaburi vilikuwa kitu kimoja. Mpaka leo kuna tamasha lao la kila mwaka, watu wanavaa nguo za kizamani, muziki unapigwa. Oktoba wanafanya ziara za usiku kwa mishumaa na taa, waigizaji wanasimama kando ya kaburi wanaigiza maisha ya aliyelala pale, na tiketi huwa zinaisha mapema. Watu wanafanya jogging humo, na mbwa ruksa akiwa kwenye kamba.

Mama Pendo

Mimi nitasema ukweli wangu, sijapenda. Nilipelekwa na binti yangu pale, nikakuta vijana wametandika shuka wanakula keki, jiwe la mtu wamelifanya kiegemeo. Marehemu anaheshimiwa kwa kuachwa apumzike. Historia ni sawa, nimejifunza, lakini keki?

Fundi Saa

Shikamoo mama. Kuegemea jiwe ni utovu wa adabu hata kwa wenyewe, mabango yanakataza kukaa na kuegemea maana mengi ni marumaru laini, yanavunjika. Kuhusu keki sitabishana na wewe.

Mtoto wa Old Town

Assalam alaykum jamaa. Mama hapo juu ana hoja. Sisi tumefunzwa kaburini hakukaliwi na hakukanyagwi. Ukifika unatoa salamu kwa watu wa pale, unawaombea, unajikumbusha kuwa nawe utafuata njia hiyo hiyo. Kuzuru makaburi ni jambo zuri, ila si mandari.

Lakini ndugu Fundi Saa umenigusa na zile alama za mbao na vichaka. Hata kwetu makaburi mengi ya zamani hayana jina. Ukenda Mombasa, Lamu, Malindi, yaliyosimama ni ya wenye uwezo. Yale makaburi ya nguzo, nguzo ndefu ya matumbawe, imepachikwa mabakuli ya Kichina. Maskini wa zama hizo yuko wapi? Yuko chini ya mnazi wa mtu.

Kipepeo wa Kunduchi

Mabakuli hata Kunduchi yapo! Yaani yalikuwapo, mengi yamebanduliwa yamebaki matundu ya duara. Kaole pia kule Bagamoyo. Nilikwenda na shule zamani.

Nyota ya Kivu

Jambo kwenu bandugu. Mimi niko Clarkston, hapa karibu, na kanisa letu liliwahi kupeleka vijana pale Oakland. Aksanti kwa kuandika.

Kuhusu mabakuli nina neno. Kwenye makaburi mengi ya zamani ya watu weusi huku kusini mwa Marekani, si hii Oakland tu, watu waliweka juu ya kaburi vitu alivyotumia marehemu: sahani, kikombe, taa, chupa. Na mara nyingi walivivunja kwanza. Waliweka na makombe ya baharini. Watafiti wanasema desturi hiyo ina mizizi kwa Bakongo, magharibi kwetu kule karibu na mdomo wa mto Kongo, maana wengi waliuzwa kutoka sehemu hizo. Sisi watu wa mashariki hatuna hiyo, mimi nimekulia Bukavu sijaiona. Lakini mwalimu wetu mmoja anayetoka Matadi alipoona picha ya kaburi la South Carolina lenye vikombe alinyamaza kwanza, kisha akasema hili ni la kwetu.

Ile ya pwani yenu, nadhani ni jambo lingine, ni urembo na fahari. Tusichanganye.

Mtoto wa Old Town

Kweli kabisa. Ya kwetu ni kuonyesha kwamba huyu alikuwa na jahazi na biashara. Ya huko ni kumpa marehemu vyombo vyake. Ahsante kwa kutofautisha.

Mkulima wa Kinangop

Wadau, nimepitia tu nikisubiri mvua iishe. Swali: huyo Margaret Mitchell ndiye yule wa Gone with the Wind? Na Kenny Rogers, yule mwimbaji wa country, nimesikia amezikwa Atlanta, ni hapo hapo ama ni uongo wa Facebook?

Fundi Saa

Ndiye. Alichapisha kitabu hicho 1936, akagongwa na gari akivuka Peachtree Street, akafariki Agosti 1949. Jiwe lake limeandikwa jina la ndoa, Marsh, kwa hiyo wengi wanapita wanalitafuta Mitchell wakiwa wamesimama mbele yake. Kitabu kinawapamba wenye watumwa, hilo halina mjadala. Ila kuna jambo ambalo halikujulikana mpaka miaka mingi baadaye: alikuwa akilipa kwa siri karo za wanafunzi weusi wa chuo cha Morehouse waliosomea udaktari, akipitia kwa rais wa chuo, Benjamin Mays. Mtu hasomeki kwa mstari mmoja.

Na Kenny Rogers, ndiyo, yupo Oakland. Alifariki Machi 2020, dunia imefungwa na korona, maziko makubwa yakawa hayawezekani.

Mkulima wa Kinangop

WACHA! Baba yangu akisikia hii atauza ng'ombe apande ndege. Wewe hujui nyumbani kwetu Jumapili asubuhi ilikuwa aje. Redio, chai, Kenny Rogers, halafu kanisa. Nilikuwa nadhani ni Mkenya mpaka nikafika darasa la nne.

Chifu Kisiki

Kenya na country music ni ndoa ya kanisani haivunjiki 😂😂

Jicho la Tatu

Mleta mada umeruka jambo. Oakland imejaa askari wa Confederate, jeshi la majimbo ya kusini lililopigana ili utumwa ubaki. Nimesoma ni maelfu. Unapeleka wageni Waafrika wakaheshimu watu hao?

Fundi Saa

Sijaruka, nilikuwa naja huko. Ni kama 6,900. Atlanta wakati wa vita ilikuwa mji wa hospitali, treni zilimwaga majeruhi kutoka kila upande, waliokufa wakazikwa Oakland. Vita vilipokwisha kina mama wa kizungu wa mji wakachangishana wakaleta na mifupa iliyoachwa kwenye mapori ya mapigano. Karibu 3,000 kati yao hawajulikani majina. Tarehe 22 Julai 1864, siku ya mapigano ya Atlanta, jenerali wao Hood alikuwa akiangalia vita kutoka kwenye nyumba iliyokuwa mahali ambapo sasa pana mnara wa kengele, katikati ya makaburi yale yale.

Kuna mnara wa jiwe wa futi 65 waliousimamisha 1874, na kulikuwa na simba wa marumaru wa 1894, amelala anakufa juu ya bendera yao. Mchongaji aliiga simba maarufu wa Lucerne kule Uswisi. Simba huyo alimwagiwa rangi mara kadhaa, na Agosti 2021 jiji likamng'oa likamhifadhi. Mnara upo.

Maoni yangu: simba kuondoka ni sawa. Sanamu iliwekwa miaka 30 karibu baada ya vita, na watu waliokuwa wakati huo huo wanawanyang'anya weusi kura. Ule ulikuwa ujumbe kwa walio hai. Lakini mifupa ya kijana wa miaka 18 aliyekufa kwa kuhara hospitalini, mimi siigusi. Tena baraza la jiji lililofukua Slave Square ndilo lililotuonyesha jinsi mambo ya kuhamisha mifupa yanavyokwenda.

Jicho la Tatu

Hoja ya mwisho nimeikubali nusu. Tofauti ni kwamba askari walihifadhiwa kwa heshima zote, safu zimenyooka, mawe meupe. Watu weusi 12,000 wakasubiri rada. Usiseme tu "mifupa ni mifupa" kana kwamba ilitendewa sawa.

Fundi Saa

Hapo umesema vizuri kuliko mimi. Ndiyo sababu ya kuanzia nyuma.

Nyota ya Kivu

Ongezeni na South-View. Watu weusi walichoka kupitishwa geti la nyuma na kuzikia kwenye tope, mwaka 1886 wakaanzisha makaburi yao wenyewe kusini ya jiji, kwenye Jonesboro Road. Walioanzisha walikuwa wenyewe wamezaliwa utumwani. Martin Luther King alizikwa huko kwanza, 1968, ndipo baadaye akahamishiwa pale kwenye kituo chake, Auburn Avenue. Wazazi wake wamebaki South-View. John Lewis, mpigania haki za watu weusi, yuko huko tangu 2020, Hank Aaron wa besiboli tangu 2021. Watalii hawafiki sana. Sisi tulikuta mzee mmoja anakata nyasi akatutembeza mwenyewe.

Kipepeo wa Kunduchi

Sasa hiyo ndiyo ya kwenda. Oakland na South-View siku moja inawezekana?

Fundi Saa

Inawezekana ukiwa na gari. Oakland asubuhi, South-View mchana. Na kama una mgeni anayetoka uwanja wa ndege mwambie kwanza nani ni Jackson. Ule uwanja, Hartsfield-Jackson, nusu ya jina ni ya Maynard Jackson, meya wa kwanza mweusi wa Atlanta, alichaguliwa 1973 akiwa na miaka 35. Alilazimisha kampuni za watu weusi zipewe sehemu ya zabuni za kupanua uwanja, wakubwa wa mji wakapiga kelele, yeye akasema basi uwanja usijengwe. Ukajengwa. Amezikwa Oakland, 2003, katika jiji lile lile ambalo mwaka 1852 lingempeleka nyuma. Mameya waliomo humo ni zaidi ya ishirini na tano, wengi hata siwakumbuki.

Mama Pendo

Wanangu, niwaulize kitu, maana uzi umenifikirisha tangu jana. Nyie mnaosoma mawe ya watu wa hapa, nyie wenyewe mtazikwa wapi? Sisi Wachagga tunazikana kihambani. Mume wangu tulimsafirisha, michango ikapita mikono mingi mpaka ikatosha, wiki tatu mwili uko kwenye friji. Nilisema potelea mbali, lazima alale kwao. Sasa watoto wangu wamezaliwa hapa. Mwaka jana wameniuliza, mama, wewe tukupeleke au ubaki? Sikuwa na jibu.

Mtoto wa Old Town

Pole sana mama. Kwetu mambo ni mepesi kidogo, ulipofia ndipo unapozikwa, na haraka. Babu zangu wako Mombasa, mjomba wangu yuko Leicester, ami yangu Muscat. Kila mmoja anaombewa alipo.

Nyota ya Kivu

Mama, kwetu wakimbizi hata swali halipo. Kusafirisha kwenda wapi? Kijiji changu kina watu wengine sasa. Tunazika hapa Georgia. Shida inayotupata ni jiwe. Familia inamaliza hela kwenye jeneza na kiwanja, jiwe wanasema tutaweka mwakani. Mwaka unapita, unakuta kibao kidogo cha plastiki cha watu wa mazishi, karatasi ya jina imefubaa. Nilipokuwa pale Oakland kwenye nyasi zile nikafikiria vile vibao. Tumeanza mfuko kanisani wa mawe tu, si mazishi, mawe. Kila familia inatoa kidogo kila mwezi.

Mkulima wa Kinangop

Huo mfuko ni wazo poa. Chama chetu cha Marietta tunachanga ya kusafirisha pekee, na mtu akisema azikwe huku anaonekana amekosea. Hii nitaipeleka kwa mkutano.

Mama Pendo

Nyota, nitafutie pembeni, nataka kujua mnavyoendesha. Na mtandika shuka bado sijamsamehe.

Chifu Kisiki

Shikamoo mama 😂. Haya Fundi, umenishinda. Nina mgeni anakuja Atlanta mwezi wa saba, nipe ya kufurahisha kidogo, nisimuue mtu kwa huzuni.

Fundi Saa

Zipo. Aliyezikwa wa kwanza kabisa, 1850, ni daktari mgeni, James Nissen. Husimuliwa kwamba aliogopa mno kuzikwa akiwa hai, akamwachia daktari mwenzake usia amkate mshipa wa shingo kabla ya kufukiwa. Mwenzake akatimiza.

Halafu karibu na lango kuna Jasper Newton Smith, tajiri wa matofali. Juu ya jumba lake la kuzikia amekaa sanamu yake mwenyewe kwenye kiti, anaangalia wanaoingia kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Alichukia kuvaa tai ya shingoni maisha yake yote. Inasemekana mchongaji alimwekea tai, mzee akagoma kulipa mpaka ikachongwa ikaondoka. Mwangalie shingoni.

Na mfundishe mgeni kusoma mawe: mwanakondoo ni mtoto mdogo, nguzo iliyovunjika katikati ni maisha yaliyokatika mapema, kidole kinachoelekea juu kinakuonyesha marehemu ameenda wapi, au familia inapotumaini ameenda. Upande wa Wayahudi una maandishi ya Kiebrania, na kuna sehemu mawe yamebanana kabisa, mgongo kwa mgongo, wakati kwa wengine hapo jirani kila familia ina uzio na ngazi zake.

Jicho la Tatu

Mimi nimekwisha kwenda tangu uzi uanze, Jumamosi. Nilianzia nyuma kama ulivyosema. Kwa Carrie Steele Logan nilikuta mtu ameacha soksi za mtoto mchanga, mpya, na lebo yake. Wengine niliowakuta hapo ni Wanaijeria wawili na mama mmoja wa Kimarekani anayetafuta kaburi la bibi yake kwenye orodha iliyo kwenye simu yake. Anajua mwaka aliozikwa, hajui wapi. Nikamsaidia kutafuta mpaka miguu ikauma, hatukupata. Wa ofisini wakasema wataangalia kwenye vitabu vyao, watampigia.

Kipepeo wa Kunduchi

Walimpigia?

Jicho la Tatu

Sijui, sikuchukua namba yake.

Mkulima wa Kinangop

Fundi Saa, nipatie njia ya kwa Kenny Rogers nimpigie mzee picha nikipita Agosti. Na kama kuna ada ya ziada ya kupiga picha niambie mapema.

Fundi Saa

Picha za kawaida za simu hakuna anayekudai. Fika kwanza ofisini kwao uchukue ramani, kaburi lake watakuonyesha. Agosti nenda saa mbili asubuhi, saa sita joto halikai mtu. Beba maji na viatu vya kufunga, njia za matofali zimeinuliwa na mizizi. Gari egesha barabarani nje, usiingie nalo mpaka ndani ukawazuie watu wa mazishi, maana wenye viwanja vya zamani bado wanazika humo.